Je, wajua kwa nini Python hudai kifurushi hakipo ilhali umeshakisakinisha?

Umeandika `pip install requests` (pip ni zana ya kusakinisha vifurushi, yaani msimbo wa Python ulioandikwa na wengine, na requests ni kimojawapo) na terminali imejibu kwamba kazi imekamilika. Unaendesha programu yako, Python inakutolea `ModuleNotFoundError: No module named 'requests'`. Unasakinisha tena, na safari hii pip inakwambia kifurushi kipo tayari. Wanaojifunza Python wengi hukwama hapa, wengine wakaishia kufuta kila kitu na kuanza upya, bando likateketea kwa kupakua vifurushi vilevile. Inasikitisha, kwa sababu hakuna kilichoharibika. Pip inasema kweli na Python inasema kweli, ila kila moja inazungumzia folda yake.

Kompyuta moja aghalabu ina Python zaidi ya moja. Ubuntu huja na yake, maana baadhi ya zana za mfumo wenyewe zimeandikwa kwa Python. Kwenye Windows unaweza kukuta ya python.org, ya Microsoft Store, kisha Anaconda, mkusanyo wa Python na vifurushi vyake, nao ukaleta ya tatu. Kila Python ina folda yake ya vifurushi, kwa kawaida `site-packages` (kwenye Debian na Ubuntu utakutana pia na `dist-packages`), na haishughuliki na ya mwenziwe. Utengano huo una sababu. Vifurushi kama numpy vina sehemu zilizoandikwa kwa lugha ya C, zikageuzwa mapema kuwa lugha ya mashine kwa ajili ya toleo maalumu. Faili lililotengenezwa kwa Python 3.10 halifai kwa 3.12.

Sasa ukiandika `pip`, ni pip ya Python ipi? Terminali hupekua folda zilizoorodheshwa kwenye PATH, moja baada ya nyingine, na kuchukua pip ya kwanza inayokutana nayo. Ukiandika `python3` hufanya vivyo hivyo, na hakuna kinachohakikisha kwamba viwili hivyo vitatoka mahali pamoja. Kwenye Linux au Mac unaweza kujionea: andika `head -1 $(which pip)`. Faili la pip ni fupi sana, na mstari wake wa kwanza hutaja Python inayolimiliki, kwa mfano `#!/usr/bin/python3.10`. Kama programu yako inaendeshwa na 3.12, kisa chote kiko hapo.

Hata ule ujumbe wa "kipo tayari" hubeba jibu mwishoni mwake, ila watu huishia kusoma maneno ya mwanzo: `Requirement already satisfied: requests in /usr/local/lib/python3.10/dist-packages`. Njia ya folda imeandikwa wazi, na namba ya toleo imo ndani yake. Upande wa pili, weka `import sys; print(sys.executable)` juu kabisa ya programu yako, kabla ya mstari unaoleta hitilafu, nayo itakutajia ni Python gani hasa inayoiendesha. Linganisha hayo mawili kabla hujasakinisha chochote tena.

Dawa ninayoipendekeza kwa kila mtu ni kuacha kuandika `pip` peke yake. Andika `python3 -m pip install requests`. Hapo unaiagiza Python ileile utakayoendeshea programu itumie pip yake yenyewe, na mkanganyiko hauna pa kuingilia.

Ukiwa na mradi zaidi ya mmoja, upe kila mradi mazingira yake, yaani folda yenye Python na vifurushi vyake, kwa `python3 -m venv .venv`, uwezo huu umo ndani ya Python tangu toleo 3.3 la mwaka 2012. Kwenye Linux au Mac, amri ya `source .venv/bin/activate` haifanyi muujiza: kazi yake kubwa ni kuitanguliza folda ya `.venv/bin` kwenye PATH. Ndiyo maana ukifungua terminali mpya lazima uiandike tena. Na ukihamishia mradi kwenye folda nyingine, pip ya ndani huacha kufanya kazi, kwa kuwa ule mstari wake wa kwanza bado unataja anwani ya zamani. Futa `.venv` na uijenge upya.

Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, pip hukataa kabisa kugusa Python ya mfumo na hutoa ujumbe wa `externally-managed-environment`. Ujumbe huohuo hutaja njia ya kulazimisha, `--break-system-packages`. Usiitumie. Jina lake linaeleza hatari yenyewe: unaweza kubadilisha kifurushi ambacho zana za mfumo zinakitegemea.

Kwenye Jupyter, yaani daftari la kuandikia na kuendeshea msimbo, andika `%pip install` ndani ya seli badala ya `!pip install`. Ile ya kwanza hulenga Python inayoendesha daftari lako. Ya pili huchukua pip yoyote iliyotangulia kwenye PATH.

Ukilinganisha yote na folda zikaoana, lakini hitilafu ikabaki, tazama jina. Husakinishi `cv2`, unasakinisha `opencv-python`. `PIL` hutoka kwenye Pillow, na `sklearn` kwenye scikit-learn. Angalia pia kama faili lako mwenyewe hukuliita `requests.py`, kwa sababu Python huanza kutafuta kwenye folda ya programu yako, na ikilikuta hapo haiendelei mbele.