Tija ikishuka kiwandani, lawama si ya mvaa ovaroli peke yake

"Watu wetu wavivu."

Dhana hii inapendwa sana maofisini kwa sababu haimgharimu chochote anayeisema. Tija hupimwa kwa kuchukua kilichozalishwa na kukigawa kwa saa za kazi za watu. Mtu akikaa saa mbili akisubiri uzi, saa hizo zinaingia kwenye hesabu kama zile alizoshona.

Viwanda vya nguo vya Tanzania miaka ya 1980 ni ushahidi tosha. Urafiki ya Dar es Salaam, iliyoanza kazi mwaka 1968 kwa msaada wa China, Mwatex ya Mwanza na wenzao walikuwa na mashine, tena na watu waliozijua. Lakini baada ya bei ya mafuta kupanda na vita vya Kagera kupiga, fedha za kigeni ziliadimika. Spea hazikuja, rangi na kemikali hazikuja, umeme na maji navyo vikawa vya kubahatisha. Viwanda vingi vikashuka hadi chini ya theluthi moja ya uwezo wake, huku wafanyakazi wakibaki kwenye orodha ya mishahara. Ukigawa nguo chache kwa watu walewale, tija lazima iporomoke, hata kama kila mmoja anafika kabla ya king'ora.

Wavivu wapo, sikatai. Ila angalia kwanza vitu vinavyokula muda. Kwenye kiwanda cha plastiki, umeme ukikatika ghafla, plastiki iliyoyeyuka huganda ndani ya mashine. Ukirudi, mafundi wana kazi ya kupasha moto na kusafisha kabla ya kutoa ndoo ya kwanza. Kitambaa kilichokatiziwa umeme kikiwa kwenye rangi kinaweza kutoka na mabaka, kikarudiwa upya. Na si umeme tu: sindano ya cherehani imevunjika, stoo imefungwa, mwenye ufunguo amekwenda kula.

Dawa ya kuanzia ni daftari. Kila mashine inaposimama, andika saa, muda na sababu. Baada ya wiki chache utajua kama tatizo lako ni Tanesco, fundi mitambo au ule ufunguo wa stoo. Sindano za akiba akae nazo msimamizi wa zamu.

"Tuongeze ovataimu."

Tuseme mafundi 10 hushona mashati 200 kwa saa nane, yaani mashati mawili na nusu kwa kila saa ya mtu. Waongeze saa nne, wakiwa wamechoka wafikishe 260. Meneja anafurahi, lakini sasa ni mashati 2.2 hivi kwa saa, hujagusa bado malipo ya ziada wala yatakayofumuliwa kesho yake. Uingereza ililiona hili katika viwanda vya silaha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza: kamati ya serikali ilikuta kwamba saa zikipunguzwa, kazi ya kila saa inaongezeka, na mara nyingine hata jumla ya wiki inazidi.

"Mashine mpya zitamaliza tatizo."

Kiwanda cha viatu cha Morogoro kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na kuwekewa mitambo ya kisasa. Kuta zilikuwa za alumini, mfumo wa kupitisha hewa hakuna, na joto la Morogoro mnalijua. Hakikuwahi kuvuka asilimia 4 hivi ya uwezo wake, na uzalishaji ukakoma mwaka 1990. Kwa upande mwingine, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu viwanda vya nguo karibu na Mumbai ulionyesha tija ikipanda asilimia 17 ndani ya mwaka wa kwanza. Washauri walifundisha mambo ya kawaida: usafi, stoo yenye mpangilio, matengenezo kabla ya mashine kuharibika, kasoro kuandikwa kila siku.

"Vibarua ni nafuu."

Ni nafuu siku ya malipo tu. Mwaka 1913 kampuni ya Ford, Marekani, iliajiri watu zaidi ya 50,000 ili kubaki na kama 14,000, kwa jinsi walivyokuwa wakiacha kazi. Januari 1914 ikapandisha malipo hadi dola tano kwa siku kwa waliotimiza masharti yake, na kupunguza saa kutoka tisa hadi nane. Kuhamahama kukashuka mno. Kiwandani kwetu kibarua mgeni hujifunzia kwenye kitambaa cha mteja, na akishazoea mkataba wake unakwisha, anaingia mwingine kuharibu kitambaa kingine.