Kimya cha Idara si Jibu

"Maalim, mwenzangu amepata barua wiki iliyopita na mimi sijapata chochote, basi nishakataliwa." Maneno hayo, au yanayokaribiana nayo, huyasikia ofisini kwangu hapa Mombasa, ninakowashauri waombaji wa vyuo vya nje, kila msimu wa kaskazi, na juzi niliyasikia kwa watu watatu kabla ya adhuhuri. Wote watatu waliomba nafasi za uzamivu Marekani, wote walituma maombi Desemba, na hakuna aliyeandikiwa neno na idara yoyote. Walichokuwa nacho mkononi ni kimya tu, na tayari walikuwa wamekwisha kukifasiri.

Nadhani najua dhana hii inakotoka. Tumelelewa na matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya: Waziri wa Elimu hutangaza, na mtahiniwa wa Likoni na wa Lodwar wakajua walichopata siku hiyohiyo. Aliyezoea utaratibu huo huamini kwamba mwenzake akijibiwa, majibu yametoka, na asiyejibiwa ameachwa. Udahili wa uzamivu hauna siku ya kutangazwa. Maombi yakishafungwa, ofisi hutumia majuma kadhaa kukusanya transkripti na barua za mapendekezo zilizochelewa, na katikati ya kazi hiyo vyuo vingi hufungwa kwa Krismasi na mwaka mpya. Wanaosoma maombi ni maprofesa ambao wakati huohuo wanafundisha na kusimamia tasnifu za wengine. Wakishachuja, baadhi ya idara huwahoji waliobaki. Kisha idara hupendekeza majina, ofisi ya uzamili ya chuo huyaidhinisha, na fedha za ufadhili huhesabiwa kabla ya mtu yeyote kuahidiwa chochote.

Kundi la kwanza likiandikiwa, tuseme Februari, idara hungoja kuona ni wangapi watakaokubali, na kwa sababu hiyo haina haraka ya kuwaaga wengine ambao huenda ikawahitaji baadaye. Ndiyo maana barua za kukataa mara nyingi huja mwisho. Faili ambalo halijasomwa, faili lililowekwa akiba na faili lililokataliwa ambalo barua yake haijatumwa, ukiyatazama kutoka Tudor hapa Mombasa, yote yana sura moja.

Wala sisemi kwamba kimya ni habari njema. Mzee mmoja aliyekuja na bintiye alinikumbusha kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nikamjibu, kwa heshima zote, kwamba methali hiyo haikutungwa kwa ajili ya kamati za udahili. Kundi la kwanza likishajibiwa, nafasi hupungua, na si haki kumficha mwombaji jambo hilo. Lakini kupungua si kwisha, na hakuna idara inayomlazimu mtu kujikataa kwa niaba yake.

Dhana inayofuatana na hiyo ni kwamba kuwekwa katika orodha ya akiba ni kukataliwa kwa adabu. Vyuo vingi vya Marekani vimetia saini azimio la Baraza la Shule za Uzamili, ambalo kwalo mwombaji aliyepewa nafasi pamoja na ufadhili halazimiki kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Mtu mwenye barua nne anaweza kuzikalia zote hadi siku hiyo, na anapoziachia tatu, nafasi tatu hufunguka kwa watu wa akiba. Ukiwa katika orodha hiyo, iandikie idara barua moja fupi kueleza kwamba bado unaitaka nafasi, kisha ujipe muda hadi mwisho wa Aprili.

Nimesema barua moja. Wapo wanaoamini kwamba kuandika kila Jumatatu huonyesha ari, kumbe huonyesha usumbufu. Andika ukiwa na jambo jipya, kama vile makala iliyokubaliwa na jarida, au ikiwa tarehe ambayo idara yenyewe iliitaja imepita.

Kuhusu kuamka saa 9 usiku kufungua akaunti ya maombi: wakati huo, katika majira yao ya baridi, New York ni saa 1 jioni ya siku iliyotangulia, na makarani wamekwenda nyumbani. Ofisi zao hufunguliwa huku kwetu jua likielekea kuzama. Lala.

Na barua ya udahili si tiketi ya ndege. Katika uzamili hasa, mara nyingi huja bila senti ya ufadhili, kwa hiyo soma aya inayohusu fedha kabla ya kuwaalika majirani.

Badala ya kuchungulia simu, kagua nyaraka zako, nasaha ambayo wateja wangu wameichoka. Matokeo ya TOEFL na IELTS, mitihani ya Kiingereza, hutumika kwa miaka 2 tu, na atakayelazimika kuomba upya mwakani huenda akakuta yake yamekwisha muda. Mmoja wa wale watatu wa juzi alikuwa ameshahesabu dalili zote za kukataliwa kwake, hadi saa ambayo akaunti yake ilibadilishwa rangi ya kitufe. Nilimwomba anionyeshe pasipoti. Ilikuwa imebakiza wiki tano.