Je, wajua kwa nini siti ya gari ya mtoto mchanga inageuzwa iangalie nyuma?

Wazazi wengi wakiiona mara ya kwanza wanashangaa. Siti imefungwa kule nyuma ya gari lakini imegeuzwa, mtoto anatazama mgongo wa siti kubwa, miguu imekunjwa, njia haioni, dereva haoni uso wake, na hapo lazima kuna bibi au shangazi atasema jamani mgeuzeni mtoto atatapika. Basi anageuzwa. Na hapo hapo hata siti ya bei mbaya kabisa inakuwa imepoteza sehemu kubwa ya kazi yake, maana kinachomlinda mtoto mchanga kuliko jina la kampuni au ule mto laini wa kichwani ni kule kugeuka kwenyewe.

Anza na kichwa. Mtoto akizaliwa kichwa chake ni kama robo ya urefu wake wote, na kwa uzito pia kinakaribia robo ya mwili mzima, wakati sisi watu wazima kichwa ni kama moja ya nane ya urefu na uzito wake asilimia 6 hivi. Alafu kichwa hicho kizito kimekaa juu ya shingo ambayo haijamaliza kujengwa. Pingili za shingo ya mtoto mchanga bado ni vipande vipande vilivyoungwa na gegedu, vinakuja kushikana kuwa mfupa kamili taratibu sana, mtoto anafika miaka 3 na kazi bado inaendelea, wengine mpaka 6 hivi. Kano zinazoshika pingili nazo zinavutika kirahisi, lakini ule uti wa fahamu unaopita katikati yake hauvutiki kiasi hicho. Hapo ndo kuna hatari yenyewe.

Sasa gari inatembea, inagonga mbele, inasimama ghafla. Gari imesimama lakini kila kilichomo ndani bado kinaenda kwa spidi ile ile mpaka kitu kikizuie. Mtoto aliyekaa anaangalia mbele, mikanda inamshika mabega na kiuno, kiwiliwili kinabaki, kichwa hakijashikwa na kitu kwahiyo kinarushwa mbele na shingo ndo inabeba mzigo wote peke yake. Mtoto yule yule akiwa ameangalia nyuma, anachofanya ni kuzama kwenye mgongo wa siti yake, kichwa, shingo na mgongo vinaenda pamoja kama kitu kimoja, nguvu inasambaa eneo lote la mgongo badala ya kukusanyika shingoni. Ajali ile ile, spidi ile ile, ila shingo haivutwi.

Mtu atauliza, je nikigongwa kwa nyuma? Swali zuri. Ukigongwa nyuma mara nyingi magari yote mawili yanakuwa yanaelekea upande mmoja, kwahiyo tofauti ya spidi ni ndogo kuliko ile ya kugongana uso kwa uso au kuvaa mti. Zile zinazoua zaidi ni za mbele na za ubavuni, na za ubavuni pia mtoto aliyegeuzwa kichwa chake kinabaki ndani ya yale masikio ya siti, yaani zile kuta zake za pembeni.

Na kumpakata? Hii naiandika kwa uchungu kwa sababu ndo tunavyofanya wengi wetu, mama anatoka leba anapanda gari amembeba mtoto kifuani na kila mtu anaona hapo ndo salama kabisa. Chukua mtoto wa kilo 4 kwenye gari inayokwenda kilomita 50 kwa saa, spidi ya kawaida tu ya mjini, ikagonga na kusimama ndani ya sentimita 70 hivi za bodi kujikunja. Kwa sekunde hiyo ndogo anavuta mikononi mwako kwa nguvu ya kama kilo 56, yaani ni kuzidi mfuko wa saruji, tena unarushwa ghafla bila taarifa. Hakuna mikono ya mama wala baba inayoshika hicho. Mtoto wa kilo 10 ni karibu kilo 140. Na wale wanaopitisha mkanda wa mtu mzima uwazunguke mama na mtoto pamoja, tafadhali acheni, mwili wa mama unakwenda kumbana mtoto kwenye mkanda.

Wazo la kugeuza lilitoka Sweden. Miaka ya 60 mwanzoni profesa Bertil Aldman, wa pale chuo cha Chalmers mjini Gothenburg, aliangalia jinsi wanaanga wa Marekani wa mradi wa Gemini wanavyolazwa chali kwenye siti zilizofinyangwa kufuata mgongo, ili roketi ikiondoka ile nguvu kubwa isambae mwili mzima. Akaona mantiki hiyo hiyo inaweza kumsaidia mtoto ndani ya gari, ila huku nguvu kubwa inakuja wakati wa kusimama, kwahiyo mtoto ageuzwe mgongo uelekee kule gari inakokwenda. Mwaka 1964 siti ya majaribio ikafungwa kwenye Volvo. Ni kampuni ile ile ambayo mwaka 1959 injinia wake Nils Bohlin alileta mkanda wa pointi tatu, huu tunaovuta kila siku kutoka begani mpaka kiunoni. Wasweden wakashika hilo moja kwa moja, kule kumuona mtoto wa miaka mitatu au minne bado anaangalia nyuma ni kitu cha kawaida kabisa, na wana jaribio lao linaitwa Plus Test linalopima shingo ya mwanasesere wa majaribio ya ajali inavutwa kiasi gani, siti isiyopita haipewi alama ya jaribio hilo.

Wengine walichelewa. Marekani jimbo la kwanza kuweka sheria ya siti za watoto ni Tennessee, mwaka 1977. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani mwaka 2018 kikasema mtoto aangalie nyuma muda wote mpaka afikie kikomo cha uzito au urefu ambacho siti yenyewe imeandikiwa, hawakutaja tena umri. Ulaya kanuni ya zamani inayoitwa R44 ilikubali mtoto ageuzwe mbele akifika kilo 9, ambayo mtoto mnene anaifikisha kabla hata ya mwaka, ndio maana ile mpya ya R129 iliyoanza 2013 imeweka lazima mpaka apite miezi 15. Na miezi 15 ni kiwango cha chini, sio lengo.

Kuhusu miguu, kila mzazi ana wasiwasi nayo, mtoto wa mwaka na nusu miguu inagusa siti ya nyuma inajikunja unaona kama anateseka. Watoto wanakaa hivyo hivyo hata mkekani, wanakunja nne wenyewe na hawalalamiki. Hata ikitokea mguu umevunjika kwenye ajali unaungwa, shingo haina hadithi hiyo.

Kuna sehemu moja tu siti iliyogeuzwa inakuwa hatari, ni siti ya mbele yenye mfuko wa hewa. Ule mfuko unafumuka kutoka kwenye dashibodi kwa spidi inayoweza kufika kilomita 300 kwa saa, na mgongo wa siti ya mtoto unakuwa umekaa pale pale mbele yake, na kichwa cha mtoto kipo nyuma tu ya plastiki hiyo. Watoto wameshakufa hivyo kwenye ajali ndogo kabisa ambazo watu wazima walishuka wanatembea. Ile stika kwenye kizuia jua cha abiria, yenye picha ya mtoto na mstari mwekundu, ndo inasema hilo. Mtoto akae nyuma. Kama ni pikapu ya siti mbili basi huo mfuko lazima uzimwe, na kama gari haina sehemu ya kuuzima, mtoto asipande humo.

Tuje kwenye kununua. Siti nyingi huku kwetu ni za mtumba, na siwezi kumwambia mtu asinunue mtumba wakati mpya dukani ni hela ya kodi ya nyumba ya miezi kadhaa, ila kuna vitu vya kukagua kabla hujatoa hela. Igeuze uangalie chini au mgongoni, utakuta tarehe ya kutengenezwa na nyingi zina tarehe ya kuisha pia, mara nyingi ni kati ya miaka 6 na 10, kwa sababu plastiki inachoka, hasa ikikaa kwenye joto la gari iliyopaki juani. Tafuta stika ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara, hiyo ni ya Ulaya, ya Marekani inakuwa na maandishi kwamba imefuata viwango vyao vya usalama vya magari. Stika imebanduliwa, iache. Toa kitambaa chote kagua plastiki kama ina ufa au ile sehemu imekuwa nyeupe kama imekunjwa, kagua mikanda haijachanika wala kushonwa upya na fundi cherehani, bonyeza kifungio ukione kinaingia na kulia. Siti iliyowahi kuwa kwenye ajali kubwa haifai tena hata ikionekana nzima, na hapa ndo shida ya mtumba ilipo, muuzaji mwenyewe hajui historia yake. Siti ya kurithi kwa dada au jirani unayemjua ni bora mara kumi.

Aina nazo zisikuchanganye. Ile ya mkono inayobebeka kama kikapu ni ya mtoto mchanga tu, nyingi zinaishia kilo 13, na mara nyingi kichwa kinafika juu ya siti kabla hata kilo hazijafika. Ile kubwa isiyotoka kwenye gari inaanza na mtoto mchanga au mwenye miezi kadhaa inaenda naye miaka, na kama hela ni ya siti moja tu mimi ningechukua hii, ila uhakikishe imeandikwa inapokea mtoto wa kilo zile anazozaliwa nazo. Kuhusu Isofix, zile pete mbili za chuma za gari ambazo siti ya mtoto inabanwa nazo bila kutumia mkanda, ingiza vidole katikati ya mgongo na kalio la siti ya nyuma ya gari yako utazigusa kama zipo. Kama hazipo usihuzunike, mkanda wa kawaida wa pointi tatu ukipitishwa njia sahihi unashika vizuri tu, kwenye siti ya kuangalia nyuma njia hiyo mara nyingi ina alama ya bluu. Ukimaliza kufunga shika siti pale mkanda unapopita uitikise, isicheze zaidi ya sentimita mbili na nusu.

Kumfunga mtoto mwenyewe ndo watu wanakosea zaidi. Kwetu mtoto mchanga anaviringishwa, shuka, blanketi, kanga juu yake, alafu anawekwa kwenye siti kama furushi na mikanda inapita juu ya vyote. Ikitokea ajali zile nguo zinabonyea, mkanda unabaki umelegea na mtoto anachomoka. Mvalishe nguo nyepesi, mikono na miguu iwe huru, mkanda upite katikati ya miguu na utokee kwenye tundu lililo usawa wa bega au chini yake kidogo, uuvute mpaka ukijaribu kuufinya begani vidole viteleze. Kisha mfunike kanga juu ya mkanda kama kuna baridi.

Alafu mlalo. Siti ikisimama sana kidevu cha mtoto mchanga kinaangukia kifuani na njia ya hewa inajibana, hana nguvu ya kuinua kichwa chake na halii, ananyamaza tu. Siti nyingi zina mstari au kidude cha kuonyesha kama umelaza sawa. Kwa sababu hiyo hiyo siti ya gari sio kitanda. Mkifika, mtoe hata kama amelala usingizi mzuri, na safari ndefu ya mkoani simameni mara kwa mara mumnyooshe.

Hapa ndo kigari cha kusukuma kinapoingia, kwa sababu kuna seti zinazouzwa ambapo ile siti ya kikapu inabanwa juu ya kigari na mzazi anazunguka nayo masaa. Kwa dakika chache kutoka parking mpaka dukani sawa. Kwa matembezi, mtoto ambaye hajakaza shingo anataka kigari kinacholala bapa kabisa, mpaka miezi 6 hivi. Vile vya kukunja kama mwamvuli, alivyobuni Mwingereza Owen Maclaren mwaka 1965, injinia aliyewahi kutengeneza magurudumu ya ndege za kivita za Spitfire, ni vyepesi na vitamu kubeba kwenye daladala lakini vingi mgongo wake haulali, hivyo ni vya baadaye. Kuangalia nyuma kupo hata huku, mwaka 1889 William Richardson wa Baltimore alisajili kigari ambacho kikapu chake kinageuzwa mtoto amtazame anayemsukuma, na kwa mchanga ni raha zaidi, unamuona akicheua, unaongea naye. Barabara zetu za vumbi na mashimo zinataka tairi kubwa, vile vitairi vidogo vya plastiki vinakwama kwenye mchanga wa Dar au Mombasa siku ya kwanza. Na usifunike kigari chote kwa kanga kuzuia jua, hewa haizunguki na ndani kunakuwa tanuri haraka sana, weka kivuli cha juu tu na pembeni pabaki wazi.

Siti uifunge wiki kadhaa kabla ya tarehe ya kujifungua, kwenye gari ile ile itakayowachukua hospitali, na kama ni teksi ya kuita kwa simu muulize dereva kabisa kama mikanda ya nyuma inafanya kazi maana nyingi imezamishwa chini ya kava za siti. Bajaji haina pa kuifungia.