Mtaa ukijengwa upya, nani anabaki?

Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Dar es Salaam, ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani nyuma palipokuwa na jiko, choo na kamba ya kuanikia nguo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki akapangisha. Leo viwanja vingi vya namna hiyo vimebeba maghorofa: fremu za maduka chini, stoo juu yake, na wapangaji wengine kabisa. Huo ndio uendelezaji upya. Cha zamani kinaondoka, na ardhi ileile inabeba majengo na biashara zaidi.

Wengi huuchanganya na urasimishaji, ambao ni jambo jingine. Kwenye urasimishaji nyumba yako inabaki iliposimama. Viwanja vinapimwa, njia zinaachwa, unapata hati. Kati ya hayo mawili kuna uboreshaji wa makazi, yaani barabara, mifereji, maji na taa kuingizwa ndani ya mtaa ambao watu wameshajenga, na kubomoa zile nyumba chache tu zilizokaa kwenye njia.

Tanzania ilifika kwenye uboreshaji baada ya kujaribu kubomoa. Miaka ya 1960, Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa 1962, lilivunja nyumba za miti na udongo na kujenga mpya mahali pake. Ilikuwa ghali, na uhaba wa nyumba haukupungua sana, kwa sababu kila iliyojengwa ilitanguliwa na iliyovunjwa. Miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Manzese ikaboreshwa wenyewe wakiwa humohumo, na viwanja vipya vikapimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Manzese ina kasoro zake mpaka leo, lakini uamuzi wa kutowahamisha watu ulikuwa sahihi. Naamini bado unapaswa kufikiriwa kwanza, kabla tingatinga halijaitwa.

Kuondolewa nako kuko kwa namna mbili. Moja kila mtu anaiona: alama ya X nyekundu ukutani, mthamini, fidia. Nyingine haina notisi. Lami ikifika, kodi inapanda. Dalali anaanza kuleta wateja wenye uwezo. Fundi cherehani aliyepanga chumba miaka yote anahamia Chanika, pembezoni mwa jiji, na nauli ya kurudi kwa wateja wake inakula faida. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna orodha itakayomtaja. Kwangu mimi mradi unaoacha mtaa mzuri bila watu wake haujafaulu, hata picha zake zikipendeza namna gani.

Kwa mwenye nyumba, sheria ya ardhi ya Tanzania inataka fidia kamili, si bei ya matofali tu. Pamoja na thamani ya soko ya ardhi na jengo, kuna posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi, na fidia ya kupoteza faida kwa mwenye biashara. Posho ya makazi ni kodi ya soko kwa miezi 36: kama nyumba ya aina yako hupangishwa kwa shilingi 200,000 kwa mwezi, hiyo peke yake ni shilingi 7,200,000. Kiwanja kitupu hakipati posho hiyo.

Kuna pia kurudi. Kaya 644 za Magomeni Kota zilivunjiwa nyumba zao, na maghorofa waliyojengewa palepale yakazinduliwa Machi 2022. Walirudi, ila baada ya kuhangaika na kodi za mitaani kwa miaka mingi. Ndiyo maana ahadi ya kurudi iwe na tarehe, na iseme mtu ataishi wapi na kwa fedha za nani wakati ujenzi unaendelea.

Familia inayojenga kwa ubia na mwekezaji nayo isikimbilie fedha taslimu. Tangu 2008 ipo sheria inayoruhusu kila sehemu ya jengo kuwa na hati yake, kwa hiyo mnaweza kudai ghorofa zenu kwa jina lenu. Mkataba asomewe kila mrithi, na wakili awe wenu, si wa mwekezaji.

Mthamini akija, kuweni nyumbani. Hesabuni naye vyumba, choo, kisima, ukuta na miti, hakikini jina linafanana na la kitambulisho, na msisaini fomu yenye nafasi tupu. Kabla hajaondoka, ombeni nakala.