Kwa nini baadhi ya Wamarekani huanza karamu ya Shukrani kwa punje tano za mahindi?

Ni Alhamisi ya nne ya Novemba, sikukuu ya Shukrani (Thanksgiving) nchini Marekani: bata mzinga keshaiva, viazi na maboga viko mezani, harufu imejaa nyumba nzima. Lakini ziko familia ambazo hazigusi chakula kwanza. Kwenye kila sahani kuna punje tano tu za mahindi makavu. Kila mtu huokota punje moja, akataja jambo analomshukuru Mungu, kisha ya pili, mpaka ya tano. Watoto huzimaliza mbio mbio, macho yakiwa kwa bata.

Ukiuliza maana yake utasimuliwa habari za walowezi wa Plymouth, Massachusetts, Wakristo wa Uingereza waliosafiri kwa meli ya Mayflower mwaka 1620 ili waabudu wapendavyo. Inasemekana njaa iliwabana hadi mgao ukawa punje tano kwa mtu kwa siku.

Je, ni kweli? William Bradford, aliyekuwa gavana wao, na mwenzake Edward Winslow waliandika habari za taabu hizo, na hakuna aliyetaja punje tano. Punje hizo tunazikuta baadaye sana, katika dhifa ya Desemba 1820 huko Plymouth, ya kuadhimisha miaka 200 tangu walowezi wafike: ziliwekwa mezani, kando ya kila sahani. Kwa hiyo yaelekea ni ishara iliyotungwa na vitukuu walioshiba. Mimi siwalaumu, ila yale yaliyoandikwa ni mazito zaidi.

Abiria walikuwa 102. Walifika baridi ikianza, hawana nyumba, na kabla ya majira ya kuchipua karibu nusu yao walikuwa wamekufa, siku nyingine wawili au watatu kwa mpigo. Bradford anasema ulifika wakati ambapo wazima walikuwa sita au saba tu. Hao ndio walikata kuni, wakapika, wakatandika vitanda na kufua nguo zilizochafuliwa na wagonjwa, bila kunung'unika.

Mavuno ya 1621 yalikuwa mazuri kiasi, wakafanya ile karamu maarufu ya siku tatu, pamoja na Massasoit, kiongozi wa Wawampanoag, wenyeji wa asili wa eneo hilo, na watu wake wapatao 90, waliokuja na paa watano. Lakini njaa haikuwa imekwisha. Mwaka 1623, baada ya kupanda, akiba yote iliisha. Wengi walilala bila kujua kesho watakula nini. Mashua ilikuwa moja. Walikwenda kuvua kwa zamu, na hata zikipita siku tano au sita hawakurudi mikono mitupu. Wakichelewa, waliobaki walisubiri maji yapwe, wakachimba kombe mchangani. Wageni wapya waliposhuka kwenye meli mwaka huo, mlo bora waliokaribishwa nao ulikuwa kambakoche au kipande cha samaki, pasipo mkate, na kikombe cha maji ya chemchemi. Leo kambakoche ni chakula cha hoteli za bei. Siku ile baadhi ya wageni walilia wakatamani kurudi kwao.

Katikati ya dhiki hiyo jua likawaka tangu Mei hadi Julai, mahindi yakanyauka. Wakatenga siku ya toba na maombi. Winslow anaeleza kwamba ibada ilianza asubuhi mbingu zikiwa nyeupe, ikachukua saa nane au tisa, na kabla hawajatawanyika mawingu yalikuwa yametanda. Kesho yake ikashuka rasharasha laini iliyoendelea takriban siku kumi na nne. Ndipo wakatangaza siku rasmi ya kumshukuru Mungu. Kwa lugha yao wenyewe, hiyo ndiyo ilikuwa Shukrani. Ya 1621 ilikuwa sherehe ya mavuno.

Na mahindi yenyewe yalitoka wapi? Ngano na njegere walizoleta kutoka Uingereza hazikufaulu. Mbegu ya kwanza ya mahindi waliifukua kwenye rasi ya Cape Cod, Novemba 1620, kwenye vikapu ambavyo wenyeji walikuwa wamevifukia mchangani kama akiba. Waliichukua, wakamshukuru Mungu kwa kuwaonyesha. Mwenye mali alilipwa miezi kadhaa baadaye. Mkulima yeyote anajua uzito wa kuchukuliwa mbegu. Aliyewafundisha kuipanda, pamoja na samaki kama mbolea, ni Tisquantum, mzaliwa wa mahali pale pale. Alikuwa ametekwa mwaka 1614 na kupelekwa Hispania. Aliporudi mwaka 1619 alikuta kijiji chake, Patuxet, kimefutwa na maradhi. Plymouth ilijengwa juu ya mashamba ya kijiji hicho. Bradford alimwita chombo maalumu kilichotumwa na Mungu.

Tangu 1970, Alhamisi hiyo hiyo, Wawampanoag na wenyeji wengine wa asili hukutana Plymouth kwa siku ya maombolezo, wengine wakiwa wamefunga kula. Husimama Cole's Hill, kilima ambako walowezi walizika wafu wao wa ile baridi ya kwanza.