Mweka zaidi ya lango: yanayosemwa Moshi kuhusu chuo cha wanyamapori

Muulize mtu yeyote stendi ya Moshi Mweka ni wapi, atakuonyesha mlima na kukutajia lango la hifadhi. Chuo chenyewe, ambacho barabara ile ile inakipitia kabla ya kufika huko juu, atakikumbuka baadaye, na hapo ndipo hadithi zinapoanza. Jina lake kamili ni Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka. Kipo Kibosho, kama kilomita 14 kaskazini ya mji, na nadhani hakuna chuo kingine mkoani Kilimanjaro kinachozushiwa mengi kama hiki.

"Mweka ndiko wanakoanzia kupanda mlima."

Wanakomalizia. Wageni waliopandia Machame, Lemosho au Umbwe hushushwa kwa njia ya Mweka. Wanaopandia Marangu hurudi Marangu. Kwa hiyo wanachuo wa Mweka huwaona wageni wakiwa wameshakwisha: matope hadi magotini, fimbo mkononi, wamelala ndani ya Coaster kabla haijafika hata lami ya mjini.

Wengi pia hudhani chuo kiliwekwa pale kwa sababu ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Hesabu za miaka zinakataa. Chuo kilifunguliwa 1963, hifadhi ikatangazwa 1973. Chuo ni kaka mkubwa kwa miaka kumi. Kilipofunguliwa, Tanganyika nzima ilikuwa na hifadhi za taifa tatu tu: Serengeti, Ziwa Manyara na Ngurdoto, ambayo leo ni sehemu ya Hifadhi ya Arusha. Mikumi na Ruaha zilikuja 1964, Tarangire 1970. Ni kusema chuo kilianza kuandaa wahifadhi wakati hifadhi nyingi watakazozisimamia zilikuwa bado hazijatangazwa.

"Kilijengwa na Wajerumani."

Huku kwetu kila jengo la zamani lenye ukuta mnene hupewa Wajerumani. Mweka ni mtoto wa uhuru. Septemba 1961, miezi mitatu kabla bendera haijapandishwa, ulifanyika mkutano mkubwa wa uhifadhi Arusha, na hapo Mwalimu Nyerere akatoa tamko linalojulikana mpaka leo kama Azimio la Arusha la wanyamapori (si lile la 1967 la Ujamaa na Kujitegemea, wanafunzi wa historia huyachanganya kila mwaka). Alisema wanyamapori ni sehemu ya utajiri na maisha ya baadaye ya taifa, kisha akasema wazi kwamba kuwatunza kunahitaji utaalamu, watu waliofunzwa na fedha, na kwamba mataifa mengine yasaidie.

"Watu waliofunzwa" ndiyo sehemu iliyozaa Mweka. Wakati ule vyeo vya juu katika idara ya wanyamapori vilishikwa na Wazungu. Uhuru ulikuwa mlangoni na hapakuwa na shule ya kuwaandaa Waafrika kushika nafasi zile. Bruce Kinloch, aliyekuwa mkuu wa idara hiyo Tanganyika, alilisukuma wazo la chuo. Mkuu wa kwanza wa chuo alikuwa Hugh Lamprey. Shirika la Kimarekani ambalo leo ni African Wildlife Foundation, lililoanzishwa 1961, lilikuwa miongoni mwa waliosaidia kukisimamisha. Kwa hiyo anayesema "ni mambo ya Wazungu" ana nusu ya hoja: fedha na walimu wa mwanzo walitoka nje. Kazi waliyopewa, hata hivyo, ilikuwa kuwaandaa watu wa kuwapokea wao wenyewe viti.

"Ni chuo cha askari. Wanafundishwa bunduki."

Hii ndiyo kubwa kuliko zote, na sare zinaichochea. Bunduki ipo kwenye mafunzo, hilo si uongo. Huwezi kumpeleka mtu porini kwenye nyati bila kujua silaha. Lakini chuo kinachojulikana kwa kuandaa askari wa wanyamapori ni Pasiansi, Mwanza, kilichoanza 1966. Askari wanyamapori wa vijiji hufunzwa Likuyu Sekamaganga, mkoani Ruvuma. Mweka jina linajieleza: usimamizi. Mwanachuo anasoma mimea na wanyama, anasoma sheria, anasoma ramani, anasoma utalii, anasoma namna ya kukaa na wanakijiji ambao tembo amewalia mahindi yote usiku mmoja.

Atakayetaka kuelewa tofauti hiyo aende Kwakuchinja, wilayani Babati, kwenye kituo cha chuo cha mafunzo kwa vitendo. Pale ni kwenye ushoroba, yaani mapito ya wanyama kati ya Tarangire na Manyara. Pundamilia, nyumbu na tembo wanapita kama walivyopita tangu zamani, ila sasa wanakutana na mashamba, mifugo, makazi na barabara kuu ya Arusha kwenda Babati. Bunduki itafanya nini hapo? Huwezi kumpiga risasi mkulima kwa kulima, wala tembo kwa kukumbuka njia ya mama yake. Kinachotakiwa ni kikao, mpango wa matumizi ya ardhi, na mgawo wa mapato ya utalii unaofika kijijini kweli. Jirani tu ya pale ipo Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Burunge, ambayo vijiji vyenyewe ndivyo wenye jumuiya. Ukimweka mtu aliyejua kulenga shabaha tu kwenye mkutano wa kijiji namna hiyo, watamfukuza kabla chai haijaletwa.

"Wanaishi na wanyama."

Wanaishi na migomba. Chuo kimezungukwa na vihamba vya Wachaga, ndizi na kahawa, na msitu wa mlima ukiwa juu yake, ambako mbega na kima ndio majirani. Tembo na simba mwanafunzi atawakuta fildi, baada ya safari ndefu ya gari. Wanyama wengine waliopo chuoni wamo kwenye makumbusho, wamekaushwa, hawamtishi mtu. Kinachotisha ni baridi. Anayetoka Dar au Tanga na shuka moja atajuta Juni, na masika upande ule wa mlima mvua haina adabu.

"Ni cha Watanzania tu." Hapana. Tangu mwanzo kilikusudiwa kuhudumia nchi za Afrika zinazotumia Kiingereza. Wenzao wa Kifaransa wana chuo chao Garoua, Cameroon, tangu 1970. Neno Afrika kwenye jina si pambo.

"Si ndicho kile cha misitu?" Sicho. Chuo cha Viwanda vya Misitu kiko Moshi mjini, na cha Misitu kiko Olmotonyi, Arusha.

"Ukimaliza Mweka, TANAPA wanakuchukua."

TANAPA ni Shirika la Hifadhi za Taifa. Zamani ilikaribia kuwa kweli, kwa sababu wanachuo wengi walikuja wakiwa tayari watumishi waliotumwa na serikali zao, wakarudi kwenye vituo vyao na cheti mkononi. Leo nafasi hutangazwa na watu hushindana, na upande wa pili wa meza kuna wahitimu wa SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wenye shahada za fani hiyo hiyo. Wengine huishia kampuni za utalii za Arusha, vitalu vya uwindaji, jumuiya za vijiji au mashirika ya uhifadhi. Ngazi za masomo zinaanzia astashahada na kupanda hadi shahada na zaidi, hivyo wa kidato cha nne naye ana pa kuingilia. Mzazi anayelipa ada akiwaza ofisi ya TANAPA pale Arusha, amuulize kwanza mtoto kama yuko tayari kupangiwa Katavi, hifadhi ya mbali kule magharibi mwa nchi.