Kuvuna Msamiati Katika Riwaya ya Vita vya Kagera

Riwaya ya vita inamfaa sana mtu anayetaka kupanua msamiati wake, kwa sababu maneno yake hurudi. Kikosi kikishapiga kambi kwenye sura ya pili, utakutana na doria, lindo, handaki na majeruhi mpaka ukurasa wa mwisho, kila mara katika hali tofauti kidogo. Neno ulilokutana nalo mara moja husahaulika haraka. Lile lililokujia mara nane au kumi, leo likiwa na hofu, kesho likiwa na uchovu, ndilo linalobaki.

Nitachukua mifano yangu kutoka mazingira ya riwaya za Kiswahili zinazohusu Vita vya Kagera, vilivyoanza majeshi ya Idi Amin yalipoingia Tanzania mwishoni mwa Oktoba 1978 na kufika kileleni Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979. Kiswahili chake si cha zamani mno, na msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura hatazidiwa. Mwanafunzi wa sekondari anafaidika, na vilevile kijana aliyekulia ughaibuni ambaye Kiswahili chake cha nyumbani hakijawahi kuhitaji neno la kuzingira.

Kabla ya yote pima kitabu. Fungua ukurasa wa katikati wenye maneno kama 300, kisha hesabu usiyoyajua. Watafiti wa usomaji kama Paul Nation wanakadiria kwamba ili usome kwa raha bila msaada, uwe unayajua maneno 98 katika kila 100. Kwa ukurasa wetu hayo ni maneno 6 mageni. Yakifika 15 bado utaelewa kisa, ila kwa jasho. Yakizidi hapo tafuta kitabu chepesi zaidi kwanza. Makadirio hayo yalitokana na Kiingereza, hivyo kwa Kiswahili hesabu mizizi, usihesabu maumbo: walizingirwa, kuzingira na wakizingirana ni neno moja.

Soma sura nzima bila kamusi. Ukikwama, weka nukta ya penseli pembeni na uendelee. Anayesimama kila mstari hupoteza kisa, na kisa ndicho kinachobeba maana. Tazama sentensi hii: "Alijibanza nyuma ya kichuguu, bunduki kaikumbatia kifuani, akasubiri doria ipite." Hata kama hukujua kujibanza, kichuguu na kule kusubiri vimeshakuambia kwamba ni kujificha kwa kujibana mahali. Kamusi baadaye itathibitisha tu. Maana uliyoikisia mwenyewe hukaa kuliko uliyopewa.

Rudia sura ukiwa na daftari, na hapo uwe mchoyo: maneno 8 hadi 10 kwa sura yanatosha. Wasomaji wengi hukosea hapa. Huandika majina ya silaha: kombora, mzinga, singe, deraya, gobole. Ni maneno mazuri, lakini yanajirudia yenyewe na picha yake huingia haraka. Mimi ningewekeza kwenye vitenzi. Riwaya ya vita imejaa vitenzi vya mwili, mwendo na mlio ambavyo mazungumzo ya mjini yameviacha: kunyemelea, kutambaa, kutimka, kutawanyika, kuponyoka, kupepesuka, kurindima. Hivi utavitumia hata ukiandika barua ya kawaida au habari ya gazeti, wakati singe itabaki kwenye bunduki.

Kuvipata kwenye kamusi kunahitaji kuvua viambishi. Chukua "wakajisalimisha": ondoa wa-, -ka- na -ji-, unabaki na salimisha, ambalo ukivua kiambishi cha kusababisha unafika salimu. "Walivyotawanywa" inakupeleka kwenye tawanya. "Wakatawanyika" ina ingizo lake la tawanyika. Usiyachanganye hayo mawili. Katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu kitenzi huwekewa alama [ele] kikiwa elekezi na [sie] kisipokuwa elekezi. Tawanya kinataka mtendwa: polisi waliwatawanya watu. Tawanyika hakitaki: watu walitawanyika. Nakili alama hiyo daftarini, maana ndiyo itakayokuzuia kuandika "walitawanyika adui".

Kwenye nomino, andika ngeli. Riwaya hizi zina kundi la maneno yanayowatega hata wazawa: majeruhi, mateka, manusura. Yanaanza na ma-, lakini si wingi wa kitu. Mtu mmoja ni majeruhi, watu kumi ni majeruhi, na upatanisho ni wa a-/wa-: "majeruhi alibebwa", "mateka walihojiwa". Anayedhani umoja wake ni "teka" au "jeruhi" amegeuza kitenzi kuwa nomino. Kwa upande mwingine, upatanisho unaweza kukufumbulia maana kabla hujagusa kamusi. "Vifaru walivuka mto" ni wanyama. "Vifaru vilivuka mto" ni magari ya kivita yenye minyororo na mzinga. Vi- moja tu imeamua.

Kisha andika neno pamoja na wenzake. Doria hupigwa, lindo hushikwa, bomu hutegwa, daraja hulipuliwa, risasi hufyatuliwa au humiminwa, na anayeshindwa husalimu amri. Ukiandika "doria = ulinzi wa kuzungukazunguka" umepata nusu tu, kwa sababu siku ukitaka kulitumia utasema "kufanya doria". Hilo litaeleweka, lakini mwandishi mzuri angeandika kupiga doria. Kwa hiyo daftari langu lina safu tatu: mzizi na alama yake, mwenzi wake, na sentensi ya kitabuni iliyonakiliwa nzima. Tafsiri ya Kiingereza siiweki, kwani humzoesha msomaji kupitia lugha nyingine kila anapotaka kusema kitu.

Jihadhari pia na kujifunza visawe kwa mkupuo. Kuvizia, kuotea, kunyemelea na kunyatia vikiandikwa siku moja huchanganyika, na wiki ijayo hujui kipi ni kukaa ukisubiri na kipi ni kusogea kimyakimya. Kukaribiana kwa maana kunazuia kumbukumbu. Chukua kuvizia leo, ambapo mtu amejificha anasubiri. Kikishakaa, baada ya siku kadhaa leta kunyemelea, ambapo mtu anasogea. Ndipo uvilinganishe.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni maneno yaliyobadilika tangu vita hivyo. Mgambo ni mfano mkubwa. Kijana wa leo mjini akisikia mgambo anamwona mtu anayewafukuza wamachinga. Katika riwaya ya Kagera mgambo ni mwanakijiji aliyepata mafunzo na kwenda mstari wa mbele; jeshi la Tanzania lilipanuliwa haraka kwa kuwaingiza wanamgambo, pamoja na watu wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), polisi na magereza. Ukisoma na picha ya leo, mhusika mzima anaharibika. Nduli nalo ni jina la mtu katili, muuaji, lakini propaganda ya wakati ule ililiganda kwenye jina la Amin kiasi kwamba wengine wanadhani ni sehemu ya jina lake. Angalia pia nani anaitwa mvamizi, nani mkombozi, nani mwasi. Maneno hayo yanaonyesha msimulizi amesimama upande gani, na daftarini yanastahili maelezo hayo, si maana peke yake.

Ukimaliza kitabu, maneno yanahitaji mahali pengine pa kukutana nawe. Redio ya mpira inafaa kuliko watu wanavyodhani. Watangazaji wa soka wana safu ya ushambuliaji, ngome, mashambulizi ya kushtukiza na kombora lililopanguliwa na kipa. Taarifa za habari zina kuzingira, kusitisha mapigano na mateka. Kila wiki funika safu ya kwanza ya daftari pamoja na neno lenyewe ndani ya sentensi, soma sentensi hiyo, ujaze pengo. Lililokataa mara tatu lifute. Litarudi lenyewe kama lina kazi.

Anayetaka kwenda mbali zaidi aingie riwaya za Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Huko atakutana na ombasha, shaushi na efendi, vyeo vyenye asili ya Kituruki walivyokuwa navyo askari wa Mjerumani. Haya yajue kwa kuelewa tu, usipoteze muda kuyakariri kwa matumizi. Tengeneza orodha ya vyeo nyuma ya kitabu, kuanzia cha chini kwenda juu, uitazame kila mhusika mpya anapotoa amri, kwa sababu huwezi kufuata maongezi yao bila kujua nani anamwamrisha nani.